Kuhesabu Hadi Sitini

Ninazo nne, zote za mtutu mmoja,
zote zimenizidi umri,
na kila moja nimeipa empaako
kama tunavyowapa watoto hapa Masindi,
maana huwezi kukiita kitu kwa namba ya kiwandani
halafu ukatarajia kikuheshimu.

Abwoli ndiye mkubwa. Nyundo yake iko nje,
imejikunja kama sikio la mbuzi.
Nilimkuta Hoima kwa fundi baiskeli,
kazi yake kuuzuia mlango wa stoo usibamizwe na upepo.
Atenyi ana kitako cha mvule
kilichochongwa na mtu asiyewahi kuwa na bega.
Araali hajulikani aliyemuunda.
Viganja vimelisugua jina, zimebaki herufi tatu
na picha ya ndege: labda kwale, labda kanga.

Wa nne ni Akiiki.
Nilimpata kwa Kabajungu, mjane wa mlinzi wa miwa,
kwa mbuzi wawili na redio.
Alimleta amefungwa kwa kitenge, akasema:
"Marehemu alimfyatua mara moja tu, hewani.
Siku nyingine zote nyani walikimbia
kwa kusikia tu anavyomfungua na kumfunga."

Watu huniuliza, kwa nini za risasi moja?
Nawajibu: mwenye thelathini hupiga kelele,
mwenye moja huvuta pumzi kwanza.
Jibu zuri. Wanatikisa kichwa.
Ukweli ni kwamba napenda ile harufu,
mafuta, shaba, moshi wa baruti kwenye shati,
na mke wangu anajua.

Kila Desemba anakuja Konstebo Okwonga
na daftari lake limefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki.
Tunashuka nyuma ya mihogo,
tunalisimamisha debe mbele ya kichuguu,
kila bunduki inapata risasi yake.

Abwoli akalitoboa debe matundu saba.
Atenyi akalitoboa debe, na bega langu pia.
Araali akakosa, akapiga kichuguu,
mchwa wakatoka kuuliza.

Kisha Akiiki.
Nikamfungua, nikatia ganda jekundu, nikamfunga,
nikavuta pumzi, nikabana.

Ta.

Basi. Ta.

Usimteremshe. Baruti kuukuu huweza kuchelewa
kama mgeni aliyekwisha karibishwa
lakini bado yuko mlangoni anavua viatu.
Mtutu mbele. Hesabu hadi sitini.

Saba, nane.
Kumi na moja, kisu cha mke wangu
kimesimama katikati ya ndizi.
Ishirini na mbili, jasho limefika kwenye kope.
Thelathini, Okwonga yuko nyuma ya pikipiki,
naona kofia yake na kalamu.
Arobaini, namwona mlinzi usiku kwenye miwa,
umande, tochi inayokufa,
na huyu mapajani mwake.
Je, alijua?
Pengine ile moja ya hewani ilikuwa ndiyo yote.
Pengine alilinda miaka yote ile
kwa chuma kilichokwisha kukataa.
Hamsini na ngapi? Nimepotea.
Nikarudi hamsini, nikaanza upya.

Sitini.

Ganda likatoka baridi,
katikati lina kidonda kidogo
kama alama ya chanjo.

Okwonga akafungua daftari. Safu ya mwisho:
Inafanya kazi? Ndiyo au hapana.
Akalitazama debe. Akanitazama mimi.
"Tujaribu nyingine?" nikauliza.
"Hapana," akajibu mke wangu, na hakuwa ameulizwa.
Konstebo akalamba ncha ya kalamu, akaandika
kwa mwandiko wa mtu aliyejifunzia Kiswahili kambini:
Haijasema.

Nikampaka Akiiki mafuta kama wenzake.
Ganda lile liko dirishani, karibu na dawa zangu za presha.
Na alfajiri, nyani wakiingia kwenye mahindi,
natoka na kandambili, sina hata risasi,
namfungua, namfunga.

Kla.

Mahindi yanatikisika mpaka mtoni.